Uliza Bustani: Micheri, Ipi ya Kupanda Dodoma na Ipi ya Kuacha

Maswali mengi ya toleo hili yamehusu micheri. Tumeanza na lile linalowapotezea watu pesa nyingi zaidi, kisha tukaendelea na micheri inayoweza kweli kuzaa katika joto na ukavu wetu.

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Nimeuziwa miche miwili ya cheri, nikaambiwa ni ile ya Ulaya yenye matunda makubwa meusi-mekundu. Muuzaji alisema kama zabibu zinakubali Dodoma, cheri nayo itakubali tu. Huu ni mwaka wa pili. Majani yametoka kwenye ncha za matawi peke yake, huku chini ni vijiti vitupu, na ua hata moja sijaliona. Nikiongeza mbolea, itazaa?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Mbolea haitasaidia, ndugu yetu, na usitumie hata shilingi moja zaidi hapo.

Hakikisha kwanza kwamba ni cheri yenyewe. Chukua jani lililokomaa, utazame kikonyo chake pale kinapokutana na jani. Cheri tamu, ambayo kitaalamu ni Prunus avium, ina vivimbe viwili vidogo vyekundu mahali hapo, na vinaonekana bila miwani. Majani yake hupishana kwenye tawi, hayakai mawili mawili kwa kutazamana, na ukingo wake una meno kuzunguka jani zima. Gome la shina changa ni la kahawia, linang'aa kidogo, na lina mistari mifupi iliyolala. Cheri chachu, Prunus cerasus, inafanana nayo ila mti wake ni mfupi na majani ni madogo na magumu zaidi. Ukikuta majani laini ukingoni na yanatazamana, uliyouziwa si cheri ya Ulaya kabisa, na huenda hiyo ikawa heri kwako.

Kwa dalili ulizoeleza, inaelekea ni yenyewe. Mti huu kwao hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Macho yake, yaani machipukizi yaliyofumba kwenye matawi, hayafunguki sawasawa mpaka upate saa za kutosha za ubaridi wa kati ya nyuzi joto 0 na 7. Aina nyingi za cheri tamu huhitaji saa 800 hadi 1,200 za namna hiyo kila mwaka. Dodoma mjini tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, tunapojifunika mablanketi mawili, kipimo hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana hupanda hadi 26 na zaidi. Saa tunazopata ni sifuri. Ndiyo maana jicho la ncha linalazimika kufunguka, ya chini yanabaki yamefumba, na maua hayatokei.

Hoja ya zabibu inasikika vizuri lakini haisimami. Mzabibu hauhitaji baridi nyingi, na katika nchi ya joto hukaa na majani mwaka mzima. Ukiupogoa, macho yaliyobaki huamka na kutoa tawi jipya lenye vishada, na kwa njia hiyo mkulima wa hapa huvuna mara mbili kwa mwaka. Mcheri hautoi maua kwenye tawi jipya la namna hiyo. Maua yake hukaa kwenye vitawi vifupi vya miaka miwili na kuendelea, na macho hayo huandaliwa msimu uliotangulia. Ukiupogoa kama mzabibu unapata fimbo na majani basi.

Kuna aina zilizozalishwa kwa ajili ya sehemu zisizo na baridi kali, kama Minnie Royal na Royal Lee za Marekani, ambazo hupandwa pamoja ili zichavushane. Hizo huridhika na saa chini ya 500, lakini hata saa hizo chache hapa hatuzipati. Wenzetu wa Njombe na Makete wana usiku wa baridi ya kutosha kugandisha umande, na matunda kama tufaha, peasi na plamu huwafaa. Mwenye hamu ya kujaribu cheri afanyie majaribio huko, naye ajue kwamba mchana ukipita nyuzi 20 hufuta sehemu ya baridi iliyokusanywa usiku.

Dai pesa yako kama muuzaji anapatikana. Ukiing'oa, usiwatupie mbuzi matawi. Majani ya Prunus yakinyauka hutoa sianidi, na mnyama akila mengi huanza kuhema kwa shida na anaweza kufa muda mfupi tu baadaye. Choma au fukia.

SWALI: Nyumba tuliyohamia ina vichaka viwili uani, vyote vina matunda mekundu madogo na majirani huviita cheri. Kimoja kina uchachu wa kawaida, watoto wanakipenda. Kingine kina harufu kama ya tapentaini na mdomo unakakamaa. Ni mti mmoja uliochanganyika au ni miwili tofauti? Yote inalika?
Mama wa watoto watatu, Mpwapwa

JIBU: Ni miwili tofauti, dada, na yote inalika. Haina hata undugu wa karibu.

Pasua tunda la kile chachu. Ukikuta kokwa tatu zenye pembe na mbavu, na tunda lenyewe kwa nje lina mifereji hafifu inayoligawa sehemu tatu, hiyo ni cheri ya Barbados, wengine huiita aserola, Malpighia emarginata. Maua yake ni ya waridi, petali tano zilizochanikachanika ukingoni, kila moja ikiwa na kikonyo chembamba chini yake. Majani yanatazamana, yanang'aa, hayana meno. Yale machanga yana manyoya laini yanayowasha ngozi, kwa hiyo anayepogoa avae mikono mirefu.

Kile cha harufu ni pitanga, au cheri ya Surinam, Eugenia uniflora. Tunda lake halifichiki: lina matuta saba hadi kumi kutoka kikonyoni hadi kitakoni, mfano wa boga dogo. Ndani mara nyingi kuna mbegu moja kubwa. Maua ni meupe, petali nne, katikati yamejaa nyuzi za chavua. Majani machanga hutoka yakiwa na rangi ya shaba, na ukilifikicha jani harufu ile ile ya tunda inabaki vidoleni.

Harufu hiyo inatokana na kuchuma mapema. Tunda la pitanga huanza kijani, likawa la machungwa, kisha jekundu, na kwenye baadhi ya miti huishia jekundu-jeusi. Wengi hulichuma linapokuwa jekundu la kung'aa, na hapo bado. Liguse tu kwa kidole: lililoiva hudondoka lenyewe kiganjani. Likikupinga, liache. Yale ambayo bado yana ukali, yapasue, toa mbegu, nyunyizia sukari na uyaweke kwenye friji kwa saa sita hadi nane, na sehemu kubwa ya harufu itaondoka. Mbegu zisitafunwe, zinavuruga tumbo.

SWALI: Nina robo eka iliyobaki pembeni ya shamba langu la zabibu. Nataka kupanda aserola. Naomba maelekezo kamili, kuanzia miche.
Mkulima, Veyula

JIBU: Tuanze na maji kabla ya miche. Ukipanda kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, robo eka inabeba miti 63 hivi. Kiangazi cha kwanza kila mti unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, yaani zaidi ya lita 2,500 kila wiki kuanzia Mei hadi mvua za Desemba. Kama huna uhakika wa kiasi hicho, panda miti 20 msimu huu na uongeze baadaye. Mti uliokomaa huvumilia ukame vizuri sana, lakini mche wa mwaka wa kwanza hauvumilii.

Usioteshe kwa mbegu. Nyingi hazioti, na zinazoota huwa na tabia tofauti tofauti. Chukua vipandikizi kutoka kwenye miti inayozaa vizuri, na hapa tunasisitiza: chukua kutoka miti mama miwili au mitatu tofauti, sababu utaiona kwenye swali linalofuata. Kata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, visiwe vichanga vya kijani wala vigumu vya zamani. Acha majani mawili au matatu juu, uyakate nusu, mengine ondoa. Chovya kitako kwenye homoni ya mizizi kutoka duka la pembejeo, kisha chomeka theluthi mbili ndani ya mchanga wa mto uliooshwa. Weka chini ya kivuli, funika kwa nailoni angavu juu ya fito zilizopindwa ili unyevu usitoroke, na nyunyizia maji kidogo kila asubuhi. Mizizi huchukua miezi miwili hivi. Usiving'oe kila wiki kuvikagua, mizizi michanga hukatika.

Vikishika, hamishia kwenye viriba. Udongo wa viriba ndio pa kuwa makini kuliko popote, kwa sababu adui mkubwa wa aserola ni minyoo fundo, na udongo wetu wa kichanga unaipendeza sana. Hukaa kwenye mizizi, ikafanya vinundu, na mti hudumaa ukiwa na majani ya njano hata ukimwagilia. Ikishaingia shambani haitoki. Kwa hiyo usichukue udongo wa bustani ya nyanya, bamia au bilinganya. Udongo utakaotumia utandaze kwa kina cha sentimita 15, uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni, na uuache kwenye jua la Oktoba na Novemba kwa wiki nne hadi sita. Siku ya kununua miche kwa mtu mwingine, omba kuchana kiriba kimoja. Ukiona vinundu kwenye mizizi, shukuru na uondoke.

Mashimo yachimbwe Novemba, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu ukiwekwa kando na wa chini. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, rudisha shimoni, na uache utulie wiki tatu. Panda mvua zikishika, mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi, upana wa mita moja na nusu, ili mvua chache tunazopata, milimita 570 hivi kwa mwaka, ziingie shimoni badala ya kwenda korongoni. Mvua ikikatika Februari, kama ilivyo desturi yake, mwagilia. Miche mingi hufa katika wiki hizo mkulima akingoja wingu.

Matandazo ya nyasi ni ya lazima, lakini yaache sentimita 15 mbali na shina. Mchwa hufuata nyasi kavu, na akilikuta shina la mche wenye kiu anazunguka gome lake kwa usiku mmoja. Majivu kuzunguka shina husaidia yakiwa makavu, kwa hiyo yarudie kila baada ya mvua.

Mizizi ya aserola haiendi chini sana, na upepo wa Agosti na Septemba huweza kuulaza mti mzima. Kama upande wa mashariki uko wazi, panda mstari wa miti ya kukinga upepo mita 6 hivi kutoka kwenye aserola, na kila mche uufunge kwenye kigingi kwa kamba laini kwa mwaka mmoja. Ukiachwa mti huu hufanya kichaka cha vijiti kumi. Chagua shina moja, likate likifika sentimita 60, uache matawi matatu au manne yaliyoelekea pande tofauti, na katikati pawe wazi.

Mwaka wa kwanza, wakati wa mvua tu, weka NPK gramu 50, sawa na vijiko vinne vya chakula, mara tatu kwa kupishana wiki nne, sentimita 30 kutoka shinani. Na kwa kuwa uko jirani na zabibu zako mwenyewe: siku unazopiga dawa za mizabibu, angalia upepo unaelekea wapi, na usipige aserola ikiwa na maua.

SWALI: Aserola yangu ina miaka minne, inachanua mpaka inapendeza, lakini maua yote yanaanguka. Matunda ni ya kuhesabu. Nimeiwekea samadi, nimeimwagilia. Shida ni nini?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Una mti mmoja, au una kadhaa uliyokata kutoka mti mmoja? Vipandikizi vya mama mmoja ni mti ule ule mara nyingi, na aserola huzaa vizuri zaidi inapopata chavua ya mti wa asili nyingine. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni wadudu. Kwao, Amerika ya Kusini na Karibiani, maua haya huchavushwa na nyuki wa jamii ya Centris wanaokuja kuchukua mafuta yaliyo nyuma ya ua. Nyuki wetu wa asali hawachukui mafuta, hivyo hawana sababu kubwa ya kulitembelea. Tafuta mche wa asili nyingine uupande jirani. Wakati huo huo, asubuhi maua yakiwa mapya, chukua brashi ndogo laini ya rangi, zungusha katikati ya ua la mti wa asili nyingine, hata wa jirani, kisha la mti wako. Funga uzi kwenye matawi uliyopitia. Matunda ya aserola huiva wiki tatu hadi nne baada ya ua, kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja utakuwa na jibu: tawi la uzi likiwa limezaa na mengine matupu, tatizo ni chavua. Yakiwa yote matupu, geukia maji na upepo. Maua ya Septemba na Oktoba ya Kongwa huunguzwa na upepo mkavu hata kama udongo una unyevu, na hapo kinga ya upepo ndiyo dawa.

SWALI: Uzio wangu wa pitanga umeanza kuungua ukingo wa majani, kahawia kabisa, na majani yanaanguka. Namwagilia kwa maji ya kisima kirefu, kila siku.
Msomaji, Bahi

JIBU: Kwaruza udongo chini ya uzio. Ukiona unga mweupe uliokauka juu, ni chumvi ya maji ya kisima. Pitanga huvumilia karibu kila udongo, hata ukituama maji kwa muda, ila chumvi haiivumilii. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kumezidisha, kwa sababu maji yanakauka juu na kuacha chumvi pale pale kwenye mizizi. Mwagilia mara chache kwa maji mengi yashuke chini, weka matandazo, acha mbolea ya kuku, na mvua zikija fungua mifereji zioshe udongo. Maji ya bati yakinge kwa ajili ya uzio huu. Majani yakiwa ya njano katikati huku mishipa imebaki kijani, hiyo ni shida nyingine: mti haupati madini ya chuma, na mboji nyingi itafaa.

Usipokuwa na maji mengine, badilisha. Mkunazi huvumilia chumvi na ukame na una miiba ya kutosha kwa uzio.

SWALI: Shule yetu inataka kivuli cha haraka uwanjani, tumeshauriwa cheri ya Jamaika. Inafaa?
Mwalimu, Manyoni

JIBU: Inafaa, mwalimu, na kwa haraka hakuna mcheri unaoishinda. Muntingia calabura huzaa ikiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili ikipata maji, na hufika mita 7 hadi 12. Utaijua kwa jani lenye manyoya yanayonata, meno ukingoni, na upande mmoja wa kitako chake mkubwa kuliko mwingine. Tunda ni dogo, sentimita moja hivi, tamu, limejaa vimbegu vidogo mno.

Kamulia matunda ndani ya maji, suuza utelezi, mwaga maji hayo yenye mbegu juu ya udongo laini na usifukie, mbegu hizi zinataka mwanga. Lowesha kwa kuweka trei ndani ya beseni la maji. Pandeni mita 6 au zaidi kutoka madarasani na visima: matawi ni mepesi kukatika, na popo watakuja usiku wachafue kuta. Pogoeni matawi marefu kila mwaka kabla ya upepo.

SWALI: Nina mmea wa chungu sebuleni, unaitwa cheri ya mapambo, una vitunda vya mviringo vya machungwa na vyekundu. Mjukuu amekuwa akivichezea. Ni salama?
Bibi, Singida

JIBU: Shikamoo bibi. Si salama. Kwa maelezo hayo, huo huenda ni Solanum pseudocapsicum, ndugu wa nyanya na mnavu, na matunda yake yana sumu. Tazama ua: likiwa jeupe lenye nyota ya petali tano na kidude cha njano kimechomoza katikati, ndio wenyewe. Pasua tunda: badala ya kokwa utakuta mbegu nyingi bapa kama za nyanya. Uondoe chungu ndani ya nyumba leo. Akiwa ameshameza, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri atapike, na tawi lenye matunda lipelekwe pamoja naye ili mganga aone.

SWALI: Juisi ya aserola niliyochemsha ili ikae imegeuka rangi ya udongo, na niliyoiacha bila kuchemsha ilianza kuchachuka siku ya tatu. Nifanyeje?
Mjasiriamali, Ipagala, Dodoma

JIBU: Moto huharibu rangi na kupunguza vitamini C, ambayo ndiyo thamani yenyewe ya tunda hili. Gramu 100 zina karibu miligramu 1,700, kiasi kwamba tunda moja linakaribia kumtosheleza mtu mzima kwa siku. Lakini tunda lililoiva halikai siku tatu katika joto letu, na juisi yake huchachuka upesi.

Chuma alfajiri kwenye chombo kifupi, matunda yasilaliane zaidi ya sentimita 10, maana ya chini hupasuka. Osha, toa yaliyochubuka, saga kwa kasi ndogo ili kokwa zisivunjike, chuja. Mimina kwenye mifuko ya robo lita, toa hewa yote, igandishe siku hiyo hiyo kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Mteja akija, yeyusha mfuko mmoja, ongeza maji na sukari hapo hapo, na kilichobaki kisirudishwe kugandishwa. Wenye historia ya mawe kwenye figo wauzie kidogo, uwaambie sababu: vitamini C nyingi huweza kuchangia mawe hayo.